Hangzhou: kwa nini hoteli za bei kali zimejificha kama vijiji?

#1 MamaShani

Salaam wanajamvi. Swali hili limenikaa kichwani tangu tutoke Hangzhou, na nataka watu wa usanifu, wa historia na wa biashara ya hoteli wanisaidie.

Mume wangu anasoma Jinhua, mkoa uleule wa Zhejiang. Kwa kumbukumbu ya ndoa yetu tulijichanga tukalale Amanfayun, ile hoteli iliyo bondeni karibu na hekalu la Lingyin, magharibi ya Ziwa la Magharibi. Kwa bei ile nilitegemea lifti ya vioo, ukumbi wenye marumaru na taa za kuning'inia. Tulichokuta ni njia ya mawe inayopita katikati ya nyumba za matofali, udongo na mbao, paa za vigae vya kijivu, mianzi kila upande, chai imepandwa hadi karibu na kuta, na kijito kinateremka. Watawa wa Kibudha wanapita kwenye njia hiyohiyo kwenda mahekaluni. Hata mtu ambaye si mgeni wa hoteli anaipita. Ndani ya chumba mwanga ni hafifu, dirisha ni dogo, mbao nyeusi. Mume wangu alisema ni kama amelala kwa bibi yake Rungwe, ila godoro ni tofauti.

Nikadhani ni hoteli hiyo moja tu. Kesho yake tukatembea kando ya ziwa, tukaiona Four Seasons: nayo iko chini, paa zimepinda, vidimbwi na madaraja, kutoka barabarani huijui kama ni hoteli. Banyan Tree iko huko kwenye ardhi oevu ya Xixi, kuta nyeupe na paa nyeusi juu ya maji. Lakini ukienda upande wa Mto Qiantang, kwenye mji mpya, unakuta minara ya vioo, na hoteli ya InterContinental imejengwa kama mpira mkubwa wa dhahabu!

Mji mmoja, pesa zipo pande zote mbili. Kwa nini karibu na ziwa fahari imeinama chini na kujificha? Mimi naamini ni heshima kwa ziwa lenyewe, kwamba tajiri wa pale anajua hawezi kushindana nalo. Mume wangu anasema hapana, kuna sababu ya kisheria. Tuelimisheni.

#2 Mchora_Ramani

Mkuu shemeji yuko sahihi. Hili ni suala la sheria za ujenzi, heshima imekuja baadaye.

Mandhari ya Kitamaduni ya Ziwa la Magharibi iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Kinachothaminiwa pale si maji peke yake. Ziwa lenyewe ni dogo, kilomita za mraba sita na ushei, na kina chake cha wastani ni kama mita mbili tu. Thamani iko kwenye picha nzima: vilima pande tatu na mji upande mmoja. Ukisimama kwenye tuta la Su, lile linalokatiza ziwa, ukatazama magharibi, kusini au kaskazini, unatakiwa uone vilima, pagoda (minara ya mahekalu) na miti, ndani ya mstari uleule ambao wachoraji wameuchora kwa karne nyingi. Mnara mmoja tu ukichomoza nyuma ya kilima, picha imeharibika. Ndiyo maana upande wa vilima hupati kibali cha kwenda juu, na hata upande wa mji majengo yanatakiwa yapande polepole kadiri unavyoliacha ziwa.

Mfano ambao wasanifu wote wanaujua: Chuo Kikuu cha Zhejiang kilikuwa na jengo la ghorofa 20 karibu na ziwa. Januari 2007 lililipuliwa kwa baruti likiwa bado jipya kabisa, halijafikisha hata miaka ishirini. Mji unaofanya hivyo haukupi nafasi ya kujenga hoteli ya ghorofa thelathini juu ya kichwa cha Budha.

#3 Kipanga_wa_Yiwu

Mkuu #2, jengo hilo usilitolee ushahidi wa upande mmoja. Ile ardhi ilikuwa imeshauzwa kwa kampuni ya kuendeleza majengo kwa mabilioni ya yuan kabla ya baruti. Leo pale pana maduka makubwa. Watu wa Hangzhou walilalamika wakati ule kwamba jengo zima limeuawa kwa ajili ya biashara. Urefu ulikuwa sababu, lakini pesa ilitangulia mlangoni.

#4 Mhudumu_Muscat

Nawasoma kwa raha. Nimefanya kazi kwenye hoteli za daraja la juu hapa Oman na kabla ya hapo Dubai, kwa hiyo niruhusuni nilete jicho la mtu wa ndani.

Mtindo huo wa "kijiji" haukuzaliwa China. Aman, kampuni yenye hiyo Amanfayun, ilianza Phuket, Thailand, mwaka 1988, na hoteli ya Amanpuri ya mwanzilishi wake Adrian Zecha. Mwaka uliofuata wakafungua Amandari kule Ubud, Bali, imepangwa kama kijiji cha wenyeji wa Bali. Banyan Tree nayo ilianzia Phuket, 1994. Hao ndio waliowafundisha matajiri wa dunia kwamba mtu anaweza kulipa zaidi ili alale kwenye nyumba ya chini yenye ua wake kuliko kulala ghorofa ya hamsini. Walipoingia Hangzhou, mwaka 2010 au karibu na hapo, walikuja na fomula mkononi.

Hesabu yake iko hivi. Mnara una mamia ya vyumba na lazima ujae: mikutano, harusi, makundi ya watalii. Hoteli ya nyumba za chini ina vyumba vichache sana, lakini kila chumba kinauzwa kwa bei ya kuuma na kila mgeni ana wahudumu wengi nyuma yake. Gharama kubwa ni watu, si zege. Ile njia ya mawe anayoisifia MamaShani ina maana kwamba kila sahani ya chakula, kila shuka na kila ndoo ya barafu inatembezwa kwa miguu au kwa kigari cha umeme, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Mgeni haoni hayo, na asipoyaona ndipo kazi imefanyika vizuri.

Kwa hiyo jibu langu: ni biashara iliyopata sura ya mahali. Wangepewa kisiwa wangejenga vibanda vya makuti, wamepewa bonde la chai wakajenga kijiji.

#5 Dada_Rehema

Kabla hamjaenda mbali, bei jamani. Sisi wengine tunataka kujua tuanze kuweka kwenye kibubu au tusijisumbue.

#6 MamaShani

@Dada_Rehema bei inabadilika sana kwa msimu, lakini hesabu kwa maelfu ya yuan kwa usiku mmoja. Muhimu zaidi, angalia kama bei uliyooneshwa ina alama mbili za kujumlisha mwishoni. Hapo huongezwa asilimia 10 ya huduma, kisha kodi ya asilimia 6 juu ya jumla hiyo, ndiyo maana mwisho wa siku unaona asilimia 16.6. Kwa chumba cha bei kali, hiyo nyongeza peke yake ni bei ya chumba kizuri cha kawaida mjini.

Mapokezi watazuia pesa ya amana kwenye kadi yako. Haikatwi, inazuiliwa, lakini kwa kadi za benki zetu inaweza kuchukua muda kurudi, kwa hiyo usiende na kadi yenye salio la kubana. Bahashishi si desturi pale. Tulijaribu kumpa aliyebeba mizigo, akakataa kwa adabu sana.

Ukitaka njia ya kati: lala hoteli ya kawaida mjini, halafu nenda ukanywe chai kwenye nyumba ya chai ya Fayun. Njia iko wazi, nimeshasema. Mandhari utakayoona ni ileile.

#7 Bin_Kilwa

Ahsante kwa uzi huu, dada. Nimesoma #4 mara mbili na sikubaliani. Mhudumu anasema fomula imetoka Phuket. Mimi nasema Phuket imekwenda kukuta kitu kilichokuwepo tangu zamani.

Hangzhou ilikuwa makao ya nasaba ya Song ya Kusini kuanzia mwaka 1138, baada ya Wajurchen, watu wa kaskazini, kuuteka mji mkuu wa awali, Kaifeng, mwaka 1127 na mfalme mpya kukimbilia kusini. Lakini hata kabla ya hapo ziwa lilikuwa na sifa yake. Bai Juyi, mshairi, alikuwa gavana pale kati ya 822 na 824. Su Dongpo naye mshairi, alikuja kama gavana mwaka 1089, akakuta ziwa limezibwa na magugu, akalichimbua, na tope lililotoka akajengea lile tuta linaloitwa la Su mpaka leo, lenye urefu wa karibu kilomita tatu. Yaani mandhari ile imejengwa na watawala waliokuwa washairi. Msomi wa Kichina aliyechoka na siasa za jumba la kifalme hakutafuta mnara. Alitafuta kibanda karibu na maji, mianzi, chai na rafiki mmoja wa kucheza naye sataranji. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto ya mtu mwenye cheo.

Matajiri waliofuata wakaiga ndoto hiyo kwa pesa. Tazameni Guo Zhuang, nyumba na bustani ya mfanyabiashara wa hariri, ya mwaka 1907, ukingoni mwa ziwa. Tazameni Liu Zhuang, ambayo baadaye ikawa nyumba ya wageni ya serikali. Mao alipenda kukaa pale, na Nixon alipokuja China Februari 1972 alipitishwa Hangzhou pia. Zote ziko chini, zimefichwa na miti, zina maji ndani. Hiyo ni miongo mingi kabla ya mtu yeyote kusikia jina la Amanpuri.

Kuna zaidi. Wafalme Kangxi na Qianlong wa nasaba ya Qing walisafiri kusini mara sita kila mmoja. Qianlong alilipenda tuta la Su kiasi kwamba alipotengeneza Ziwa Kunming la Kasri la Kiangazi kule Beijing, akajenga tuta kwa mfano wake. Mfalme mwenye uwezo wa kujenga chochote aliiga tuta la tope. Kwa hiyo dada MamaShani, kauli yako kwamba ni heshima kwa ziwa siitupi.

#8 Mchora_Ramani

Bin Kilwa umeandika vizuri, lakini angalia: desturi haimzuii mtu mwenye tamaa. Shanghai nayo ilikuwa na bustani za wasomi. Suzhou, mji wa bustani hasa, pembeni yake kuna minara mirefu sana. Kinachotofautisha ni mstari uliochorwa kwenye ramani na mtu mwenye mamlaka ya kukunyima kibali. Ondoa mstari huo kwa mwaka mmoja uone.

#9 Nyota_ya_Kaskazini

Wote mmesahau siasa ya sasa. Desemba 2012 Xi Jinping alileta kanuni nane za kubana anasa za maofisa. Karamu za serikali zikakatwa, hoteli za nyota tano zikapoteza wateja, na nyingine zikaomba zishushwe hadhi ili maofisa waendelee kufanyia mikutano kwao. Mwanzoni mwa 2014 klabu za kifahari zilizokuwa zimejaa kwenye bustani kandokando ya Ziwa la Magharibi zikafungwa. Katika hali hiyo tajiri gani atajenga hoteli inayong'aa? Kujificha ni usalama.

#10 Bin_Kilwa

@Nyota_ya_Kaskazini tarehe zinakukataa. Amanfayun ilifunguliwa 2010. Four Seasons ya ziwani, 2010. Kanuni nane zimekuja mwisho wa 2012. Hakuna mjenzi aliyejificha kwa hofu ya tangazo ambalo lilikuwa bado halijaandikwa.

#11 Nyota_ya_Kaskazini

Nashukuru kwa tarehe, lakini hoja haijafa. Sijasema tu kwa nini zilijengwa hivyo, nauliza pia kwa nini zimedumu na kuigwa. Baada ya 2012 aliyekuwa na hoteli ya chini, isiyoonekana barabarani, isiyo na nyota mlangoni, alikaa vizuri kuliko aliyekuwa na ukumbi wa karamu wa watu elfu. Hoteli nyingi za majina makubwa ya kimataifa kule China hata haziombi kupangiwa nyota na serikali. Mtindo ulipata upepo kutokana na siasa hata kama haukuzaliwa na siasa.

#12 Mzee_wa_Bandari

Hodi jamani, mie wa Mombasa. Nimeona mnazungumza kuta na paa tu, hakuna aliyetaja chakula. Mwanangu alinipeleka Hangzhou tukaagiza yule samaki wao maarufu wa siki. Nimekula samaki tangu nina meno mawili. Yule alikuwa na ladha ya tope na miiba kama sindano za cherahani, kisha wakammwagia siki na sukari! Mji wa wafalme haufai kumpa mgeni kitu kile. Waelezeni wenyewe.

#13 Kipanga_wa_Yiwu

Hahaha mzee wangu, shikamoo. Samaki yule ni wa maji baridi, na hata Wachina wenyewe wanamsema vibaya kwenye mitandao yao. Wewe ulitakiwa kuagiza kamba waliopikwa na majani ya chai ya Longjing. Hapo ungesifia.

Kwa Waislamu: ile nyama inayoitwa ya Dongpo, kwa jina la huyo gavana aliyetajwa na Bin Kilwa, ni nguruwe, na iko kwenye kila menyu ya mji. Sema mapema hotelini kwamba huli, wanaelewa. Hangzhou ina Msikiti wa Feniksi, katikati ya mji wa zamani, ni miongoni mwa misikiti ya kale sana ya China, na maeneo ya jirani utapata chakula halali. Pia tafuta ile migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono ya watu wa Lanzhou na Qinghai, iko kila mtaa. Sisi wafanyabiashara wa Yiwu tunaishi kwa tambi hizo.

#14 Mzee_wa_Bandari

Marahaba mwanangu. Kamba nitawajaribu. Samaki yule simsamehe.

#15 Mwana_Shangani

Naomba nivute uzi upande mwingine kidogo. Kijiji cha Fayun kilikuwa kijiji kweli. Kilikuwa na watu, wakilima chai. Kabla ya hoteli kufunguliwa, eneo la Lingyin lilifanyiwa ukarabati mkubwa na wanakijiji wakahamishwa wote. Nyumba zikabaki, zikarekebishwa, zikapewa maji ya moto na vitanda vikubwa. Tunaposema hoteli "imejengwa kama kijiji" tunapita juu ya jambo hilo haraka mno.

Mimi ni wa Unguja, Mji Mkongwe, ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Nimeona nyumba za majirani zikigeuka hoteli moja baada ya moja. Milango ya nakshi imebaki na imepakwa mafuta, baraza zimebaki, lakini waliokuwa wakikaa barazani wamehamia nje ya Mji Mkongwe, wako Fuoni na Mwanakwerekwe. Na kuhusu urefu: sisi pia mjadala wa urefu wa hoteli mpya ya pale Shangani ulifika hadi kwenye kikao cha Kamati ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo naielewa hoja ya Mchora Ramani kabisa, kibali ndicho kila kitu.

Lakini MamaShani, neno heshima linaniuma. Heshima kwa ziwa, sawa. Kwa mkulima aliyekuwa akichuma chai kwenye ule mteremko je?

#16 Mhudumu_Muscat

Mwana Shangani umegusa penyewe. Nitasema upande wa pili ili mizani ikae. Bila mpangaji mwenye pesa, nyumba zile za udongo zingebomoka au zingebomolewa. China imefuta vijiji vingi sana kwa katapila. Hapa paa zimebaki, njia imebaki, watawa bado wanapita. Na chai ya Longjing bado inalimwa na familia kwenye vijiji jirani kama Meijiawu na Longjing kwenyewe. Ukienda kabla ya sikukuu ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, unawakuta wanachuma vichipukizi na kukaanga kwa mkono ndani ya karai la moto, kiganja kinagusa jani moja kwa moja. Ile ya kabla ya Qingming ndiyo ya bei ya juu. Wakulima hao wengi wamefungua nyumba zao kuwa migahawa na malazi.

#17 Mwana_Shangani

Kubaki kwa paa nakubali ni jambo kubwa. Bado nasema nyumba isiyo na mwenyewe imepoteza kitu ambacho fundi hawezi kukirudisha. Tukubaliane kutokubaliana hapo, ndugu yangu.

#18 Kipanga_wa_Yiwu

Mimi nina dai la chini kabisa kwenye ngazi. Nyie mnajadili hoteli za maelfu ya yuan, kuna sisi tuliokataliwa hoteli za yuan mia mbili. Miaka ya nyuma nilifika usiku kwenye hoteli moja ndogo, jina naliacha, binti wa mapokezi akaangalia pasipoti yangu akasema hawapokei wageni kutoka nje. Mvua inanyesha, mizigo mkononi.

Kwa faida ya wanaopanga safari: tangu 2024 serikali yao imetamka wazi kwamba hoteli isimkatae mgeni kwa kisingizio cha kutokuwa na kibali cha kupokea watu wa nje. Ukikataliwa, tulia, waoneshe tamko hilo, omba wawapigie polisi wa eneo. Kila mgeni lazima aandikishwe polisi, na hoteli ndiyo inayofanya kazi hiyo kwa pasipoti yako. Ukilala kwa rafiki, wewe na mwenyeji mnatakiwa kwenda kuandikisha ndani ya saa 24. Wanafunzi wengi wanalipuuza hili halafu linawatesa wakati wa kuongeza kibali cha kuishi.

#19 Bin_Kilwa

Kipanga, habari hiyo ina umri mkubwa kuliko unavyodhani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco ambaye alifika Kilwa yetu mwaka 1331 na kumsifia sultani wake, baadaye anasimulia safari yake ya China katika miaka ya 1340. Anasema kila kituo cha njiani kulikuwa na nyumba ya wageni yenye msimamizi. Jua likizama msimamizi anakuja na karani wake, anaandika majina ya wote waliolala humo, anapiga muhuri na kufunga mlango. Asubuhi anarudi kuhesabu jina kwa jina. Ndiyo maana anaisifia China kuwa nchi salama kuliko zote kwa msafiri.

Na Hangzhou, ambayo yeye anaiita al-Khansa, anasema ni mji mkubwa kuliko yote aliyoiona duniani. Alipokelewa na ukoo wa mfanyabiashara wa Kimisri aliyeitwa Uthman, waliokuwa na mtaa wao, msikiti na nyumba ya kuwahudumia maskini na wasafiri. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka sehemu za safari yake ya China, hasa kaskazini. Lakini mimi kama mtu wa Kilwa nikisoma kwamba miguu iliyokanyaga mchanga wetu inatajwa kufika kwenye lile ziwa, moyo unanienda mbio.

#20 Dada_Rehema

Bin Kilwa hii ya Ibn Battuta ungeifungulia uzi wake. Imeninyima usingizi.

#21 Jani_la_Mwanzi

Nimechelewa kufika. Nimeishi Ningbo, sio mbali. Hakuna aliyetaja fengshui, imani ya Kichina ya kupanga majengo kulingana na vilima, maji na upepo, na Wachina wenyewe ndiyo jibu la kwanza watakalokupa: kilima mgongoni, maji mbele, upepo usipite kwa nguvu. Bonde la Lingyin lina hayo yote. Hekalu lenyewe linasemekana kuanzishwa mwaka 328 na mtawa kutoka India, Huili, na yeye hakuchagua mahali kwa kubahatisha. Ukijenga mnara katikati ya bonde kama lile umekata pumzi ya mahali. Mwekezaji anaweza asiamini, lakini wateja wake wanaamini.

#22 Mchora_Ramani

@Jani_la_Mwanzi Hong Kong wanafuata fengshui kuliko mji wowote ninaoujua na wamejaza minara. Fengshui itakuambia mlango uelekee wapi na maji yakae wapi. Haijamzuia mtu kwenda juu.

#23 Jani_la_Mwanzi

Hong Kong ardhi ni finyu, hawana chaguo. Hangzhou chaguo lipo, kavuke mtoni. Ndiyo swali lenyewe la MamaShani: walipokuwa na nafasi ya kuchagua, minara waliipeleka kule na bondeni wakaacha chini. Wewe unasema sheria. Mimi nauliza, walioandika sheria walikuwa wanaamini nini?

#24 MamaShani

Nimefurahi mno na majibu yenu. Mume wangu anasoma pamoja nami na anashangilia kila Mchora Ramani akiandika. Mwana Shangani, swali lako nimelichukua. Tulipokuwa pale tulisifia ukimya wa zile nyumba, na ukimya ule una chanzo.

Bado nashikilia upande wangu kwa jambo moja. Ziwa la Magharibi halina kiingilio tangu mwaka 2002. Mji ungeweza kuzungusha ukuta na kuchuma pesa kila geti, wakaamua kuliacha wazi. Jioni utakuta wazee wanacheza dansi, wanafunzi wanakula aiskrimu, na mgeni wa chumba cha maelfu anakaa benchi moja na dereva wa teksi. Pagoda ya Leifeng inawaka taa upande wa pili, ile iliyoanguka 1924 na kujengwa tena 2002, na wote wanaiona sawasawa. Mji uliofanya uamuzi huo nauamini kwamba unalipenda ziwa lake kwa dhati, sheria au si sheria.

#25 Nyota_ya_Kaskazini

Bila kiingilio watalii waliongezeka, wakakaa zaidi, wakala na kulala zaidi. Hiyo nayo ni hesabu, dada yangu. Mhudumu Muscat atanisaidia hapa.

#26 Mhudumu_Muscat

Nakusaidia nusu. Hesabu ilikaa vizuri baadaye, lakini mwanzoni aliyetia sahihi kuacha mapato ya kiingilio alihitaji ujasiri. Kwa hiyo nusu nyingine nampa MamaShani.

#27 Baba_Wawili_Kisumu

Hamjambo wadau. Nitakuwa Shanghai kikazi mwishoni mwa Septemba na nataka kumleta mke tufike Hangzhou wikendi moja. Visa ninayo. Nifanyeje, na nilale wapi kama si tajiri ila nataka kuonja kidogo?

#28 Kipanga_wa_Yiwu

@Baba_Wawili_Kisumu karibu. Msimu ni mzuri, joto limepungua na maua ya osmanthus yanaanza kunukia mji mzima. Ila hakikisha unaondoka kabla ya tarehe 1 Oktoba. Wiki ile ya sikukuu ya taifa China nzima iko safarini, bei za hoteli zinaruka na kwenye tuta la Su huoni hata mawe ya chini kwa miguu ya watu.

Panda treni ya kasi kutoka Shanghai Hongqiao hadi Hangzhou Mashariki, ni kama saa moja. Pasipoti ndiyo tiketi yako, usiisahau hotelini. Kutoka kituoni chukua metro mstari wa 1 ushuke Longxiangqiao, ziwa liko umbali wa kutembea. Unganisha kadi yako ya Visa na Alipay ukiwa bado nyumbani, maana pesa taslimu utahangaika nayo. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya nje yanakatwa asilimia 3, kwa hiyo hoteli lipia moja kwa moja kwa kadi. WhatsApp haifunguki kwa intaneti yao, lakini ukiwa na laini ya nyumbani iliyowashwa kwa matumizi ya nje itafunguka.

Kulala: chukua hoteli ya kawaida upande wa mashariki wa ziwa, halafu asubuhi mapema nenda Lingyin, utazame sanamu zilizochongwa kwenye mwamba wa Feilai Feng, kisha shuka kwa njia ya Fayun ukanywe chai. Mke wako atachagua upande wa nani kwenye uzi huu, uje utuambie.

#29 Mzee_wa_Bandari

Na samaki usimwagize.